Mshipa Unaofundishwa Kazi

Kabla hajagusa sindano, muuguzi hodari wa dialisisi hugusa mkono. Huweka vidole vitatu upande wa ndani wa kigasha, juu kidogo ya kifundo, akatulia. Anautafuta mtetemo. Damu inayopita kwa kasi chini ya ngozi huufanya mshipa utetemeke mfululizo, tofauti na mpigo wa kawaida unaodunda na kupumzika. Akishaupata, huufuata kwa ncha za vidole kuelekea kwenye kiwiko, akipima upana wake, unapopinda, unapozama, panapoanza kuwa pagumu. Kisha huweka stethoskopu na kusikiliza mvumo. Ukiwa mzito, wa chini na usiokatika, njia iko wazi. Ukigeuka mwembamba na wa juu, mahali fulani pamebana. Ukinyamaza, damu imeganda, na siku hiyo hakuna kudungwa. Kuna daktari wa kupigiwa simu.

Yote hayo huchukua dakika mbili hivi. Mgonjwa huwa ameshanyoosha mkono na macho yake yako kwenye televisheni. Mgeni akiingia wodini humaliza muda wake akikodolea mashine za kusafishia damu, na simlaumu: zina taa, zina milio, zina mirija ya damu inayozunguka hadharani. Lakini ufundi wenyewe ulishapita kabla mashine haijawashwa.

Kisiwani Mombasa kazi hii hufanyika Hospitali Kuu ya Pwani, ile ambayo wenyeji bado huiita Makadara, na katika hospitali za binafsi. Kutoka Mji wa Kale ni safari fupi ya tuktuk. Wanaoshuka na vishuka vyao mikononi, asubuhi ya zamu ya kwanza, wengi wamefikishwa hapo na kisukari, au presha, au vyote viwili, na ukizungumza nao utagundua kwamba walishazoea kuitwa wazembe. Nitalirudia hilo.

Mshipa ule chini ya vidole vya muuguzi haukuzaliwa hivyo. Vena ya mkono, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, ni laini, ukuta wake mwembamba, damu yake haina haraka. Mashine inahitaji mililita 250 au 300 za damu kila dakika. Vena ya kawaida ikivutwa kiasi hicho hujikunja na kufunga. Ateri, inayotoka moyoni, ina nguvu hiyo, ila imezama chini na haivumilii kudungwa mara kwa mara. Ndiyo maana kwa miaka mingi mashine ilikuwepo na njia ya kuifikia damu haikuwepo. Daktari Willem Kolff aliunda figo bandia ya kwanza iliyofaa kutumiwa kwa binadamu mwaka 1943, mjini Kampen, Uholanzi ikiwa chini ya Wajerumani, kwa pipa la mbao na utando wa selofani uliotengenezwa kwa ajili ya soseji. Kila alipomhudumia mgonjwa ilibidi akate mshipa mpya. Mikono ina mishipa ya kuhesabika. Ikiisha, tiba nayo imekwisha. Mwaka 1960 Belding Scribner wa Seattle aliacha mrija wa Teflon mkononi, nje ya ngozi, ukiunganisha ateri na vena, na kwa mara ya kwanza mtu aliyepoteza figo zake aliweza kurudi kwenye mashine wiki baada ya wiki. Mrija ulikuwa ukiziba na kuingiwa na vijidudu.

Kisha mwaka 1966, katika hospitali ya maveterani pale Bronx, New York, James Cimino na Michael Brescia, pamoja na mpasuaji Kenneth Appell, wakachapisha wazo ambalo hadi leo sioni lililolishinda. Waliondoa mrija kabisa. Walishona ateri na vena pamoja, kwenye kifundo cha mkono, wakafunga ngozi, wakasubiri.

Neno hilo, wakasubiri, ndilo lililobeba tiba yote. Utando wa ndani wa mshipa umepangwa seli zinazohisi msuguo wa damu. Damu ya ateri inapoingia kwa ghafla kwenye vena, seli hizo hupata habari ambazo hazikuwahi kuzisikia, na jeni zilizokuwa zimenyamaza huanza kusomwa. Mojawapo, iitwayo KLF2, huitikia msuguo huo na kuamsha nyingine, pamoja na ile inayotengeneza hewa ya nitriki oksidi, ambayo hulegeza ukuta wa mshipa. Vena hupanuka. Seli za misuli ukutani huongezeka, nyuzi za zamani huvunjwa na mpya kufumwa, ukuta hunenepa. Mgonjwa hupewa mpira wa kuminya nyumbani, na wapo wanaouminya barazani huku wakicheza bao, mkono mmoja kwenye kete na mwingine kazini. Wauguzi hupima matokeo kwa kanuni ya namba sita: baada ya wiki 6, mshipa uwe na upana wa milimita 6, usizame zaidi ya milimita 6 chini ya ngozi, na upitishe mililita 600 kwa dakika. Mpasuaji alitoa mshono wa saa moja au mbili. Kilichobaki kimefanywa na mshipa wenyewe, kwa maagizo ambayo ulikuwa nayo tangu tumboni mwa mama na haukuwahi kuyatumia.

Sijasahau kisukari nilichokitaja mwanzoni. Ninachotaka kusema ni kwamba uwezo huohuo, wa seli kubadili kinachosomwa ndani yake kufuata kinachopita mbele yake, ndio uliompotezea mgonjwa figo zake. Seli za mkono zilipewa damu yenye kasi zikajenga mshipa wenye nguvu. Seli za figo zilipewa damu yenye sukari, mwaka baada ya mwaka, nazo zikajenga.

Figo mbili, kila moja inatosha kwenye kiganja, hupokea karibu lita moja ya damu kwa dakika, kama moja ya tano ya yote inayosukumwa na moyo. Kila moja ina vichujio vidogo vinavyokaribia milioni. Kwa siku huchuja lita 180 za majimaji na kuyarudisha karibu yote mwilini. Kinachotoka ni lita moja au mbili za mkojo. Kila kichujio ni kishada cha mishipa myembamba iliyozungukwa na tabaka tatu: seli zenye vitundu, utando, na kwa nje seli ziitwazo podositi, zenye vijiguu vinavyopandana na kuacha nyufa ambazo maji hupita na protini hushindwa. Katikati ya kishada kuna seli za mesanjia zinazokishikilia. Podositi ikianguka, ni nadra kupata mrithi.

Seli nyingi za misuli haziingizi sukari mpaka insulini iruhusu. Seli za mesanjia na zile za mishipa midogo hazina ulinzi huo. Sukari ikipanda kwenye damu, hupanda na ndani yake. Vinu vya nishati vya seli huzidiwa na kutoa kemikali zinazounguza. Seli huitikia. Jeni ya protini iitwayo TGF-beta, ambayo kazi yake halali ni kuamuru ukarabati wa jeraha, husomwa kwa wingi na kwa muda mrefu, na mesanjia hupokea amri ya kufuma nyuzi za kolajeni mahali pasipo na jeraha la kufunga. Utando hunenepa. Kishada hujaa. Podositi huvuta vijiguu vyake, kisha huachia. Mwaka 1936, mjini Boston, Paul Kimmelstiel na Clifford Wilson walitazama figo za waliokufa na kisukari chini ya hadubini wakaeleza vinundu vya duara vilivyojaa ndani ya vishada. Vinundu hivyo bado vinaitwa kwa majina yao. Walichokiona ni ukarabati ambao hakuna aliyeusimamisha.

Na wakati huo wote mwenye figo hasikii kitu. Miaka ya kwanza figo huchuja hata kuzidi kawaida, kwa hiyo vipimo vya damu hupendeza. Dalili ya kwanza ni protini ya albumini kidogo kwenye mkojo, kiasi ambacho macho hayakioni. Povu la kuonekana huja baadaye, na kuvimba miguu baadaye zaidi. Kutoka sukari hadi mashine njia yaweza kuchukua miaka 10, 15, 20. Kipimo cha albumini hakihitaji zaidi ya kikopo cha mkojo, na kikisoma chini ya miligramu 30 kwa kila gramu ya kreatinini, mtu huambiwa arudi mwakani. Ningependa kipimo hicho kiwe maarufu mitaani kuliko kile cha kidole.

Sasa tufike kwenye kumbukumbu. Mwaka 1983 nchini Marekani na Kanada ulianza utafiti uitwao DCCT. Watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza waligawanywa kwa kura. Nusu walitibiwa kwa desturi ya wakati ule, na wastani wa kipimo chao cha miezi mitatu, HbA1c, ulikaa karibu asilimia 9. Nusu walibanwa, sindano tatu au zaidi kwa siku au pampu, wakashuka hadi karibu 7. Kufikia 1993 tofauti ya macho, figo na neva ilikuwa wazi, utafiti ukasimamishwa, na wote wakafundishwa njia kali. Kisha wakaendelea kufuatiliwa. Katika miaka iliyofuata vipimo vya makundi mawili vilikutana, wote karibu 8. Mtu angetarajia na madhara yakutane. Hayakukutana. Waliokuwa na sukari ya juu miaka ya nyuma waliendelea kuharibikiwa zaidi, na waliobanwa mapema waliendelea kulindwa, muda mrefu baada ya sukari zao kulingana. Mwili ulikuwa umeandika mahali.

Mahali gani? Maandishi ya jeni zenyewe hayakubadilika; mtu haandikwi upya kwa kula kaimati. Fikiria fundi wa cherehani wa Kibokoni, Mji wa Kale, na kitambaa cha kanzu mezani. Kitambaa ni kilekile, lakini kabla ya mkasi hupita chaki, na mkasi hufuata chaki. Kila seli ina takriban mita mbili za DNA, imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, na juu ya DNA na histoni hizo hubandikwa alama ndogo za kikemikali, za methili na asetili, zinazosema hapa pafunguliwe pasomwe, hapa pafungwe. Sukari nyingi husogeza chaki. Mwaka 2008 kikundi cha Assam El-Osta, huko Melbourne, Australia, kiliweka seli za mishipa ya damu kwenye sukari ya juu kwa saa 16 tu, kisha kikazirudisha kwenye sukari ya kawaida. Siku sita baadaye alama zilikuwa bado zipo, na jeni ya p65, inayochochea uvimbe wa ndani, ilikuwa bado inasomwa kwa wingi. Kule California, Rama Natarajan na wenzake walikuta kwamba katika seli za mesanjia zenyewe TGF-beta na sukari huongeza alama za kufungua kwenye jeni za kolajeni. Kisha wakaomba damu iliyohifadhiwa ya watu walewale wa DCCT. Mwaka 2016 walieleza walichokiona: kwenye jeni iitwayo TXNIP, ambayo huitikia sukari kuliko karibu zote, alama zilizotofautisha makundi mawili wakati wa utafiti zilikuwa bado zinayatofautisha miaka 16 au 17 baadaye.

Seli nyingi za damu haziishi muda huo. Alama hizo, basi, yaelekea ziko kwenye mashina yanayozizaa.

Mtu wa Mji wa Kale ana haki ya kuuliza hayo yanamhusu nini. Kahawa yetu ni chungu, lakini haiji peke yake. Inakuja na halua, na tende, na kashata. Mahamri yana sukari ndani na chai ya kuyasindikiza ina sukari. Mfungo wa Ramadhani huvunjwa kwa vitu ambavyo mwezi mwingine vingekuwa karamu. Sijaandika haya kulaani mapishi ya mama zetu, na kisukari kina sababu zake nyingine: nasaba, unene, kukaa. Ninachokiona ni mzee aliyeacha sukari kwenye chai miaka mitatu iliyopita, anayetembea kila alfajiri baada ya swala, ambaye kipimo chake cha miezi mitatu ni sita, na bado figo zinashuka. Anauliza, "Sista, mbona natii na zinaendelea kuharibika?" Nyumbani wanadhani anakula kwa kujificha. Wakati mwingine hata aliyevaa koti jeupe hudhani hivyo. Wauguzi wa dialisisi, kwa niliowaona, ni wa kwanza kuacha kumshuku. Hawahitaji kujua TXNIP. Wamewaona wengi mno waliotii wakachelewa. Hujibu kitu cha aina hii: "Baba, hili si deni la jana. Ni la zamani." Naye mzee hutikisa kichwa, maana deni la zamani analijua.

Upande wa pili wa habari ileile hausemwi vya kutosha: miaka mizuri nayo huandikwa. Kijana aliyegunduliwa mwaka huu akiwahi, mwili wake utakumbuka kuwahi kwake. Na dawa zipo. Tangu 2001 losartan na wenzake zimethibitishwa kupunguza kasi ya kuharibika kwa figo za wenye kisukari, na tangu 2019 tunajua kwamba zile zinazoifanya figo imwage sukari kwenye mkojo huongeza ulinzi juu ya ulinzi. Ila wodini tumeshapita hapo. Turudi kwenye mashine, na kwenye kitu ambacho mtu wa Mombasa atakithamini kuliko mwingine yeyote: maji.

Mashine husukuma maji ya dialisisi mililita 500 kila dakika, upande mmoja wa utando wa kichujio, damu ikipita upande wa pili. Kwa saa nne hiyo ni lita 120. Mitungi sita ya lita 20 kwa mtu mmoja kwa kikao kimoja, kwenye kisiwa ambacho mitungi hiyohiyo hupita vichochoroni juu ya mikokoteni ikiuzwa mmojammoja. Maji matamu ya Mombasa hutoka mbali: Mzima kule Tsavo, zaidi ya kilomita 200, kwa bomba lililojengwa miaka ya 1950, Baricho kando ya mto Sabaki, Marere na Tiwi upande wa kusini. Visima vya kisiwani vimechimbwa kwenye matumbawe na maji yake yana chumvi ya bahari. Na hata yale matamu, yafaayo kunywewa, hayafai kukaribia damu. Tumbo huchagua kinachoingia. Utando wa mashine hauchagui. Klorini inayolinda maji ya bomba ikivuka kwenye damu hupasua chembe nyekundu.

Kwa hiyo nyuma ya ukuta kuna chumba kingine, na fundi mwingine ambaye wagonjwa wengi hawamjui kwa sura. Maji hupita kwenye mchanga, kwenye kilainishi kinachoondoa chokaa, kwenye matangi mawili ya mkaa yaliyofuatana ili la pili liidake klorini iliyoliponyoka la kwanza, kisha husukumwa kwa nguvu kwenye utando unaoacha chumvi nyuma. Sehemu kubwa hukataliwa na kumwagwa, jambo linalouma ukifikiria bei ya mtungi. Kabla ya kila zamu fundi hukinga maji kidogo baada ya tangi la kwanza la mkaa, hutia dawa ya kupimia, na kutazama rangi. Klorini ikizidi miligramu 0.1 kwa lita, hakuna anayeunganishwa, hata kama kiti cha kwanza kimeshakaliwa. Hapo fundi wa maji ana mamlaka kuliko daktari bingwa, na nimependa kuona kwamba hakuna anayebishana naye.

Ndani, mizani. Kila mgonjwa ana uzito wake mkavu, ule anaokuwa nao maji ya ziada yakiwa yametoka, na hakuna kifaa kinachouonyesha moja kwa moja. Muuguzi huukisia kwa presha, kwa vifundo vya miguu, kwa pumzi, kwa namna mtu alivyopanda ngazi, na kwa alivyohisi kikao kilichopita. Mtu wa kilo 60 hapaswi kutolewa zaidi ya mililita 780 hivi kwa saa. Kwa saa nne ni lita tatu na kidogo. Akija amezidi hapo, hesabu haiwezekani bila kumwangusha presha au kumkaza misuli ya miguu mpaka apige kelele. Ndipo yanapoanza mahojiano, kwa adabu ya Kimombasa, ambayo haikosi meno.

"Mama, kilo nne na nusu. Jumapili palikuwa na harusi?"

"Nilikunywa chai tu, mwanangu."

"Chai ya birika au ya tangi?"

Kutoka kwenye chai huhamia kwenye dafu. Pwani yote inaamini dafu husafisha figo, na kwa mwenye figo nzima hakuna ugomvi. Kwa asiye nazo, glasi moja hubeba karibu miligramu 600 za potasiamu zisizo na pa kutokea mpaka kikao kijacho, na potasiamu ikipanda moyo waweza kusimama bila onyo. Tende nazo zimo, na ndizi, na muhogo, na mbaazi. Wauguzi hufundisha kukata muhogo vipande vidogo, kuuchemsha, kumwaga maji na kuuchemsha tena. Muhogo unapoteza ladha na mgonjwa anabaki. Haya hayaandikwi kwenye faili. Yanasemwa juu ya mkono ulionyooshwa, pamba yenye dawa ikizunguka kutoka katikati kwenda nje.

Kisha sindano. Ni nene kuliko za kuchukulia damu, na huingia mbili: moja ya kutoa, laini nyekundu, moja ya kurudisha, laini ya bluu. Huingia kwa pembe ya nyuzi kama 25, mdomo wa sindano ukitazama juu, mpaka damu iruke kwenye mrija. Hapo mkono hushushwa, karibu kulala juu ya ngozi, na sindano husogezwa ndani bila kugusa ukuta wa nyuma. Anayesukuma nusu milimita zaidi huutoboa mshipa upande wa pili, na kabla hajamaliza kusema pole uvimbe umeshapanda na kubadilika rangi. Mwenye mkono mzuri huhisi ukuta ukiachia. Sijui maneno ya kulieleza hilo vizuri kuliko wao wenyewe, wanaosema tu, "imeingia."

Wapi pa kudunga ni suala la ubishi. Mahali palipozoeleka hapaumi sana, na wagonjwa wengi huomba, "Palepale, sista." Akikubali kila mara, ukuta wa mshipa hapo hulegea na kutuna, na ngozi juu yake huwa nyembamba mpaka kuogopesha. Kwa hiyo wengi hupanda mshipa kidogokidogo, leo hapa, Alhamisi juu kidogo, na wakifika mwisho huanza tena chini. Wengine, kwa mikono yenye nafasi ndogo, hurudia tundu lilelile kwa pembe ileile, muuguzi mmoja asiyebadilishwa, mpaka njia ijitengeneze na sindano butu ipite. Wakosoaji wao hujibu kwamba njia iliyozoeleka hata vijidudu huizoea. Mimi nimeelemea upande wa wanaopanda. Unamtaka muuguzi akumbuke mkono mzima.

Bima ya taifa ya afya, NHIF, ilikuwa ikilipia vikao viwili kwa wiki, shilingi 9,500 kila kimoja, na mamlaka mpya ya bima ya afya, SHA, ilipochukua nafasi yake Oktoba 2024 kiwango kikawa 10,650. Sehemu nyingi duniani kawaida ni vikao vitatu. Kwa mwenye vikao viwili, hizo ni saa nane kati ya saa 168 za wiki kufanya kazi ambayo figo hazikuwahi kuipumzikia, na tofauti hiyo hulipwa kwa kiu, kwa muhogo usio na ladha, na kwa ustadi wa wanaopima kilo.

Ustadi huo una shule. Chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC hutoa stashahada ya juu ya uuguzi wa figo kwa wauguzi waliokwisha kuhitimu. Lakini mkono hufundishwa na mkono. Muuguzi mgeni huanza kwa kupima uzito, kuandaa mirija, kutoa hewa kwenye kichujio. Akiruhusiwa sindano, hupewa mishipa ya wakongwe, minene, inayoonekana kutoka mlangoni, ambayo wenyewe kwa uzoefu wao humwongoza: "Shuka kidogo, binti, hapo pana kovu." Mshipa mpya hapewi. Mwenye kisukari mara nyingi ateri zake zimekakamaa kwa chokaa, mtiririko wake ni hafifu, na vena huchelewa kupanuka au hunenepa kwa ndani mpaka kujiziba, kwa bidii ileile ya kujenga iliyomharibia figo. Wengi hudialisishwa kwa mpira wa shingoni, yaani mrija uliopitishwa kwenye mshipa mkubwa wa shingo, miezi kadhaa wakiusubiri mkono. Mkono huo ukiharibiwa siku ya kwanza, huenda usipatikane mwingine.

Kwa hiyo siku mshipa mpya unapofunguliwa, anaitwa sista mwenye miaka mingi kuliko wote katika zamu, hata kama yuko kwenye chai. Huchagua sindano nyembamba, namba 17. Huenda akatumia moja tu mkononi na kurudishia damu kwenye mpira wa shingoni. Pampu huwekwa mililita 200 kwa dakika, isipande. Humwambia mwenye mkono asiusogeze, na mkono wake mwenyewe haondoki pale kwa dakika kadhaa za kwanza. Kikao kijacho sindano zitakuwa mbili, halafu namba 16, pampu 250, halafu 15, na mpira wa shingoni hautolewi mpaka mshipa umefanya kazi yote vikao kadhaa mfululizo bila kulalamika. Sindano ikitoka, pamba hubanwa kwa vidole viwili dakika kumi, si kwa nguvu ya kuzima mtetemo wala kwa ulegevu wa kuacha damu itoke, na sista huandika kwenye kadi umbali, kwa sentimita, kutoka kwenye mshono hadi alipodunga, ili wa Alhamisi ajue pa kuanzia.